Milango ya Kisiwa: Shajara ya Kuizunguka Mombasa

Jumatatu: Likoni na Mama Ngina

Anayetaka kuijua Mombasa na aanzie pale mji unapobanwa, na hapana mahali unapobanwa zaidi ya Likoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikwenda na mpwa wangu, anayesomea mipango ya miji, ambaye alikuwa amekuja likizo na daftari lake pamoja na ramani ya kisiwa aliyoichapisha kwenye karatasi kubwa. Nilimwambia mapema kwamba ziara yetu haitakuwa ya kutazama majengo bali ya kutazama milango. Kisiwa hiki kina Likoni upande wa kusini, Makupa na Kipevu upande wa magharibi, na daraja la Nyali upande wa kaskazini; kwa hiyo kila shauri la kuutengeneza mji, liwe la barabara, la soko au la hoteli, halina budi kupimwa kwa swali moja, yaani kama litampunguzia mtu haja ya kupita mlangoni, au angalau litamrahisishia kupita.

Hesabu inayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu zaidi ya 300,000 na magari yapatayo 6,000 huvuka Likoni kwa siku. Waendao kwa miguu hawalipi, na kwa sababu hiyo kivuko hiki ni njia ya umma kuliko barabara nyingine yoyote ya mji. Tulisimama chini ya paa refu la kungojea tukiwa tumebanana na umati wa wanafunzi, mabawabu waliomaliza zamu ya usiku, mama mmoja mwenye beseni la mihogo kichwani, na kijana aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa madafu huku akirudia "njia, njia jamani" bila ya kumkaripia mtu. Lango lilipofunguliwa sote tuliteremka kwa pamoja kwenye sakafu ya saruji inayoinamia majini, wenye nguvu wakikimbia na wazee wakijibanza kando kuwapisha. Tulipokwisha kuingia, feri haikuondoka, kwa sababu meli ya makontena ilikuwa ikiingia bandari ya Kilindini, na meli ya ukubwa ule haimsubiri mtu.

"Mjomba, kwa nini basi daraja halijajengwa hapa?" aliniuliza mpwa wangu.

Nilimwonyesha ile meli. Daraja lolote la kudumu mahali hapa ni lazima liinuke juu sana ili meli zipite chini yake, na kuinuka huko kunadai njia ndefu za kupandia pande zote mbili, katika mitaa iliyokwisha kujaa nyumba. Ndiyo maana mpango wa daraja kubwa, ambao serikali imekuwa ikiufanya kwa msaada wa Japani, umekuwa wa gharama kubwa na wa kusubiriwa. Wakati wa Korona lilijengwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu kutoka Liwatoni, kisiwani, hadi Ras Bofu, upande wa Likoni, likafunguliwa Januari 2021. Kwa maoni yangu kasoro yake haikuwa katika chuma wala katika maboya, bali katika ncha zake mbili: lilimshusha mtu mbali na matatu na mbali na kazi yake, na mtembea kwa miguu hukata shauri kwa jumla ya safari yote, hawazii sehemu ya majini peke yake. Barabara ya Dongo Kundu nayo, ambayo kufikia 2024 ilikuwa imeunganisha Miritini na pwani ya kusini, imewasaidia wenye magari wanaokwenda Diani na Lungalunga wasiingie kisiwani kabisa, na hilo ni jema, lakini haimvushi yule mama wa beseni.

Kwa hiyo nimebaki na mashauri ya gharama ndogo. Steji za matatu za pande zote mbili zisogezwe mpaka mdomoni mwa kivuko na zipewe paa linaloendelea bila kukatika, ili mtu asikanyage tope wala jua lisimchome kichwa kati ya feri na gari. Wazee, wajawazito na wenye viti vya magurudumu wapewe mteremko wao wa pembeni, usio mkali, wenye vyuma vya kushika. Boti za abiria ziruhusiwe, chini ya ukaguzi mkali, kwenda moja kwa moja kutoka Mtongwe na Likoni hadi Bandari ya Kale na Tudor, kwa kuwa si kila anayevuka anakwenda mjini kati. Nasema chini ya ukaguzi mkali kwa sababu pwani hii haijasahau Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakapoteza maisha. Na huduma zaidi za serikali na za hospitali zipelekwe ng'ambo ya pili, kwa maana safari iliyo rahisi kuliko zote ni ile ambayo mtu hana haja ya kuifanya.

Alasiri tulitembea hatua chache hadi bustani ya Mama Ngina, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa 2019. Wapo waliolalamika kwamba saruji imezidi, nami nakubaliana nao kwa kiasi fulani. Hata hivyo mibuyu imesalimika, na jioni ile familia zilikuwa zimetandika mikeka, chipsi za muhogo zikikaangwa na kunyunyiziwa pilipili na ndimu, wenyeji na wageni wakikaa ukuta mmoja kutazama meli. Hakuna hoteli iliyodai ufuo ule, na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi.

Jumanne: Makupa, Kibarani na Miritini

Mgeni wa treni hushukia Miritini, kwenye kituo cha reli mpya iliyoanza kubeba abiria Mei 31, 2017, na mgeni wa ndege hushukia Port Reitz. Wote wawili huingia mjini kupitia Changamwe, katikati ya malori ya makontena, jambo ambalo halina budi kuwapa picha ya mji ambao mpangaji wake wa kwanza ni bandari. Sisi tulikwenda kinyume, kutoka kisiwani kwenda nje, tukaanza na Makupa.

Zamani hapo palikuwa na tuta la udongo na mawe la enzi ya ukoloni, ambalo liliiziba njia ya maji kati ya hori ya Tudor na Port Reitz. Daraja lililofunguliwa 2022 limeliondolea tuta kazi, na maji ya kujaa na kupwa yamepata tena pa kupita. Ni mradi wa barabara uliomaliza kosa la mazingira, na ningependa wahandisi wetu wautaje mara nyingi zaidi wanapodai kwamba mambo hayo mawili hayapatani.

Kibarani, iliyo karibu, ilikuwa jaa la takataka kwa miongo mingi, na kila aliyeingia Mombasa kwa basi la usiku aliujua mji kwa harufu kabla ya kuuona. Jaa lilifungwa, udongo ukamwagwa, miti ikapandwa, na taka zikaelekezwa Mwakirunge. Mpwa wangu alifurahi sana kuiona miti hiyo. Nilimkumbusha kwamba taka hazikupungua, zimehama tu, na kwamba sehemu kubwa ya kinachosombwa kutoka masoko ya Kongowea na Marikiti ni maganda, majani na matunda yaliyooza, ambayo kama yangetenganishwa pale pale sokoni yangegeuzwa mbolea kwa mashamba ya Kilifi na Kwale na lori zingebeba mzigo mdogo zaidi.

Kuhusu Miritini sina mengi. Kituo ni kizuri na kiko mbali, na abiria wakishuka hupokelewa na madereva wa teksi na makanga wanaoshindana kwa sauti. Reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa kutoka hapa 1896, ina stesheni yake mwishoni mwa barabara ya Haile Selassie, katikati kabisa ya mji, na kuziunganisha stesheni hizo mbili kwa treni ndogo za kila saa, zenye vituo Changamwe na Makupa, kungewafaa wafanyakazi wa Miritini na Mikindani kila siku ya mwaka, kisha kungewafaa watalii pia. Ratiba ipangwe kwa saa za wafanyakazi, na mgeni aifuate hiyo hiyo.

Jumatano: Mji wa Kale

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno 1593, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tulifika mlangoni pake saa nne, tukayakuta mabasi ya watalii yameegeshwa injini zikiunguruma ili abiria watakaporudi wakute baridi ndani. Walikuwa wakiingia, wakipigwa picha, wakinunua kofia, kisha wakirudishwa hotelini kwa chakula cha mchana kilichokwisha kulipiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini kwa mpango huu mgeni anafika hadi ukutani kwa mwenyeji na kurudi bila ya kumwachia hata bei ya kikombe cha kahawa. Kama mabasi yangetakiwa kushusha watu upande mmoja na kuwachukua upande mwingine, karibu na Bandari ya Kale, wageni wangepita Ndia Kuu kwa miguu, na wenye maduka ya hapo wasingehitaji semina yoyote ya kukuza biashara.

Lakini sikuja na mpwa wangu hapa kwa ajili ya watalii. Nilimleta ajifunze kivuli. Saa saba mchana tuliingia katika vichochoro vya Kibokoni na Mkanyageni, na mara moja jua likatuacha, kwa sababu nyumba zimesimama karibu karibu, ghorofa za juu zimetoa roshani za mbao zinazofunika nusu ya njia, na upepo wa baharini hupenya kati yake. Watu walikuwa wameketi barazani wakizungumza saa ambayo katika barabara ya Digo, hatua chache kutoka hapo, hakuna anayesimama bila sababu. Mpwa wangu alinyosha mikono kupima upana wa kichochoro, kisha akasema, "Mjomba, chuoni tunafundishwa kwamba njia nyembamba ni tatizo." Huenda ni tatizo kwa gari la zimamoto, nikamwambia, na hilo lina majibu yake kwa mabomba ya maji ya kuzimia moto kila baada ya nyumba kadhaa, lakini mji wa joto usio na kivuli ni mji wa kupita tu, na wachoraji wa mitaa mipya ya Mombasa wameuiga upana wa barabara za nchi za baridi bila ya kujiuliza mtu wa miguu ataishi vipi humo saa saba mchana.

Fundi mmoja mzee alikuwa akipiga lipu ukuta wa nyumba ya matumbawe karibu na Mlango wa Papa. Tulimwamkia, akaitikia marahaba na kutukaribisha tukae. Alituonyesha sehemu mbili za ukuta ule ule: moja ilikuwa imezibwa kwa saruji na mwenye nyumba aliyetangulia, ikawa imevimba na kumenyuka, na chumvi imetoka nje kama unga, nyingine ilikuwa ya chokaa, ikiwa imechakaa lakini imeshika. Jiwe la matumbawe hunywa unyevu na kuutoa, alisema, na chokaa huliachia lipumue, ambapo saruji hulifunga likaozea ndani. Alitwambia pia kwamba vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazipatikani ndefu, na kwamba fundi wa zamani alianza na boriti kisha akachora chumba.

Eneo hili lilitangazwa la kuhifadhiwa 1990, nalo lina hekta zipatazo 72, na ipo ofisi ya hifadhi ya kuwashauri wenye nyumba. Mwaka 2018 kaunti iliamuru majumba ya mjini yapakwe rangi nyeupe yenye mistari ya buluu. Rangi nyeupe hupunguza joto, sikatai, na mji ulipendeza kwa muda, lakini rangi haiponyi ukuta uliofungwa kwa saruji, wala haitatui shida ya nyumba iliyorithiwa na ndugu wengi, ambao nusu yao wako Ughaibuni na hakuna anayetaka kulipia paa peke yake. Shauri langu kwa kaunti ni kwamba mwenye nyumba anayekarabati kwa chokaa na mikoko asamehewe ada za ardhi kwa miaka kadhaa, na mafundi kama huyu walipwe wafundishe vijana, kabla ujuzi wao haujabaki katika vitabu vya makumbusho. Magari yazuiwe mchana, mizigo iingie alfajiri kwa mikokoteni kama inavyoingia sasa sehemu nyingi, na tuktuki zipewe mipaka. Wenyeji wengine watanipinga juu ya tuktuki, hasa wenye wazazi wasioweza kutembea, nao wana haki ya kusikilizwa; kibali cha nyumba hadi nyumba kingewatosha.

Jioni muuza kahawa alipita na dele lake, akigonganisha vikombe kutangaza kufika. Tulikunywa kahawa tungu kwa kashata, tumekaa barazani pa watu tusiowajua, na hakuna aliyeona ajabu. Baraza ile imejengwa na mwenye nyumba kwa fedha zake na inatumiwa na yeyote apitaye, na sijui sheria yoyote ya mipango iliyofanikiwa kuamuru kitu cha namna hiyo.

Alhamisi: Nyali na Kongowea

Daraja la Nyali lilifunguliwa 1980 na kuchukua nafasi ya lile la kuelea lililokuwapo tangu 1931. Asubuhi matatu za Kisauni, Mishomoroni na Bamburi hulijia zote kwa pamoja, na kila moja hupakia abiria popote anapoonekana, hata chini ya kibao kinachokataza. Tulihesabu kwa macho tu: magari madogo yenye mtu mmoja ndani yalikuwa yamejaza sehemu kubwa ya lami, na watu waliokuwa wengi walikuwa ndani ya matatu chache zilizokwama kati yao. Dar es Salaam ilianza mabasi ya mwendo kasi 2016, yenye njia yao pekee. Mombasa haina haja ya kunakili kila kitu, lakini mstari mmoja wa daraja uliotengwa kwa matatu saa za asubuhi na jioni, ukilindwa na askari na si na rangi peke yake, ungewapitisha watu wengi zaidi bila kumwaga hata ndoo moja ya zege. Wenye magari madogo watakasirika. Mimi nina gari, na bado nasema hivyo.

Kongowea ni soko la jumla na la rejareja kwa pamoja, na hapo ndipo ugonjwa wake ulipo. Lori la vitunguu hugeuka katikati ya wanunuzi wa fungu moja la mchicha, na mvua ikinyesha mitaro iliyozibwa na majani hurudisha maji kwenye vibanda. Sina nia ya kulihamisha soko, kwa kuwa soko likihamishwa kwa nguvu huzaa masoko mengine barabarani. Lori za jumla ndizo zihamie nje zaidi, kwenye barabara ya kaskazini kabla ya kufika msongamanoni, na Kongowea ibaki kwa mwenye kikapu. Hapo tulikula wali kwa mchuzi wa papa katika kibanda kimoja, na mpishi, aliyeniita "baba" ingawa nadhani tunalingana umri, akasema kwamba akihamishwa na wateja wake hatabisha, lakini asihamishwe peke yake.

Kutoka Kongowea tuliingia mitaa ya Nyali. Nilipokuwa kijana hapa palikuwa na nyumba moja katika uwanja mmoja mkubwa wenye miti. Leo viwanja hivyo vimepanda maghorofa, na mengi yake hukodishwa kwa siku kwa wageni wa Disemba na Pasaka. Sichukii maghorofa. Mji unaokua kwenda juu huacha ardhi, na nyumba zilizo karibu karibu ndizo zinazoweza kulipia mabomba na matatu nzuri. Tatizo ni kwamba ghorofa hupanda kwanza, kisha ndipo huulizwa maji yatatoka wapi na uchafu utakwenda wapi. Barabara iliyopimwa kwa familia moja kwa kila uwanja sasa inabeba familia arobaini, kijia cha waendao kwa miguu kimefanywa maegesho, na magari ya kunyonya maji taka huja kila juma.

Mbele ya uwanja mmoja tulikuta tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi. Lilikuwa karatasi moja ndani ya plastiki, limepigiliwa msumari kwenye mlango wa bati, mvua imeshaingia ndani na wino umetambaa, na lote lilikuwa kwa Kiingereza. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inawataka wananchi washirikishwe, na Katiba inaitambua lugha ya Kiswahili kuwa ya taifa na pia rasmi. Bawabu wa nyumba ya jirani, ambaye ndiye angepoteza njia yake ya kwenda steji kama ukuta ungesogezwa, alituomba tumsomee. Tukamsomea. Muda wa kutoa pingamizi ulikuwa umekwisha. Matangazo haya yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pamoja na mchoro unaoonyesha jengo litakavyokuwa, na yasomwe misikitini, makanisani na katika baraza za chifu.

Ijumaa: Maji

Siku hii tulitembea kidogo, kwa ajili ya sala na kwa ajili ya miguu. Baada ya sala ya Ijumaa tulikaa nyumbani kwangu Tudor, tukayapitia maji ya mji huu kwenye ramani. Mombasa haina mto wake: hunywa kutoka chemchemi za Mzima zilizo Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950, kutoka Marere na Tiwi katika Kwale, na kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki katika Kilifi. Bwawa la Mwache linatarajiwa kuongeza. Mitaani mkokoteni wa mitungi bado unasikika kila asubuhi, na hoteli nyingi zimechimba visima vyao, na penye visima vingi karibu na bahari maji ya chumvi huingia. Huku nyuma mashimo ya vyoo yamechimbwa katika jiwe hilo hilo la matumbawe, ambalo hupitisha kila kitu. Kabla ya kaunti kuidhinisha jengo lingine la ghorofa kumi, iseme hadharani litaunganishwa na bomba gani la maji taka. Kama halipo, jengo lisubiri.

Jumamosi: Bamburi

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilikuwa kimeacha mashimo makubwa ya machimbo, weupe wa jiwe tupu usio na hata kivuli cha mjusi. Kuanzia 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alijaribu miti ya aina mbalimbali humo, mingi ikafa, na mvinje ukashika. Majani yake hayakuoza mpaka alipoleta majongoo, ambao waliyala na kuyageuza udongo, na udongo ukaita miti mingine. Leo watoto wa shule hutembea chini ya msitu mahali hapo na kulisha twiga kwa mkono.

Nilitaka mpwa wangu aone hili kwa sababu mazungumzo ya kuuboresha mji hujaa zege na lami, na hapa palipokuwa pabaya kuliko pote pametengenezwa kwa miti, wadudu na uvumilivu wa miaka. Mombasa ina machimbo mengine, ina kingo za hori ya Tudor ambako mikoko imekatwa, na ina viwanja vya wazi ambavyo hutajwa katika hati na havionekani machoni. Mikoko ikirudishwa hushika tope, huzalisha kamba na samaki, na kuvunja mawimbi kwa gharama ndogo kuliko ukuta. Vijana wa Mikindani na Jomvu wangeajiriwa kuipanda na kuilinda, kwa mshahara wa mwezi na si kwa fulana na soda za siku ya uzinduzi.

Alasiri tulielekea ufuoni. Katiba, katika kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ni maneno mazuri, lakini yanampa mwananchi mchanga bila ya kumpa njia ya kuufikia. Tulijaribu kushuka baharini kupitia kichochoro kilichochorwa kwenye ramani ya mpwa wangu. Kilianza vizuri, kikapungua kati ya kuta mbili ndefu zilizopambwa vipande vya chupa, kikawa na mfereji wa maji machafu upande mmoja, na mwishoni tukakuta lango lililofungwa kwa kufuli. Askari alikuwa na adabu. Alisema njia ipo, ila ufunguo hana. Tukarudi barabarani na kupanda tuktuki hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, unaoitwa na wengi Pirates, ambako kwa sababu hiyo hiyo watu wote wa Kisauni na wa kisiwani walikuwa wamekusanyika katika kipande kimoja cha mchanga, pamoja na ngamia, maboya ya tairi, wapiga picha, na wauza achari.

Kaunti ivipime vichochoro vyote vya kuendea baharini kutoka Nyali hadi Shanzu, iviwekee alama za mawe, iviandikishe kwa majina, ivitandike matofali ya kabro na kuvipa taa na pipa la taka kila kimoja. Hakuna ardhi ya kununua; kinachohitajika ni kuirudisha iliyopo. Wenye hoteli wanaoogopa wauzaji wa ufuoni watakuta kwamba watu wakitawanyika kwenye milango mingi, hakuna mlango unaojaa.

Jumapili: Shanzu hadi Mtwapa

Safari ya mwisho ilikuwa fupi, kwa matatu, kwa barabara ya Malindi inayopanuliwa. Vibanda vya kando vimevunjwa ili lami ipite, na wenyewe wamerudi nyuma hatua chache na kusimamisha vingine, kama ilivyotarajiwa na kila mtu isipokuwa mchoro wa barabara. Upana wa barabara mpya ungetosha kuwaachia mstari wa vibanda vilivyopangwa, chini ya miti ya mwarobaini, karibu na vituo vya matatu ambako wateja wao hushukia. Hilo bado linawezekana, mradi liamuliwe kabla ya mifereji kufunikwa.

Kwenye daraja la Mtwapa kaunti ya Mombasa inaishia na Kilifi inaanza, lakini nyumba haziishii. Wengi wanaolala Mtwapa huamkia kazi Nyali na kisiwani, kama ambavyo wengi wanaofanya kazi katika hoteli za Diani hutoka Likoni. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa, na haikuwahesabu humo hawa wanaoingia asubuhi na kutoka jioni, ingawa wanatumia barabara, maji na vyoo vyake. Ipo jumuiya ya kaunti sita za pwani, yenye Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, na maji ya bomba ya Mombasa yanatoka kwa majirani hao. Ramani ya mpwa wangu ilikuwa ya kisiwa peke yake. Alinunua karatasi nyingine dukani hapo Mtwapa, akaigundisha upande wa kaskazini, na akauliza kama mwenye duka ana nyingine mbili, moja ya kusini hadi Diani na moja ya magharibi hadi Mariakani. Mwenye duka akasema anayo moja tu, nyingine atafute Kikambala.